Saba ya Kanisani na Saba ya Chuoni

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza mambo ya kwetu: tenzi za Lamu na Pate, nakshi za milango, maulidi, na visa vya waimbaji wetu. Leo nawaomba wasomaji wavae makoti tupande bara hadi Nanyuki, tukatazame jambo ambalo kwa juu juu halituhusu hata chembe sisi Waislamu wa pwani. Nalo ni hili: watu wa kanisa humfundisha nini mtoto wa miaka mitatu, minne na mitano, na humtaka ajue nini kabla hajaingia darasa la kwanza?

Nimesema kwa juu juu, kwa kuwa watoto wetu wamo humo. Katika miji ya Mlima Kenya aghalabu hukosi mtaa uitwao Majengo, na hapo hukosi msikiti, na penye msikiti pana Waislamu: wenye asili ya pwani, Wasomali, Waborana, Wanubi, Wahindi, na wenyeji waliosilimu. Asubuhi wazazi hao hufungua maduka na mabucha yao, na mtoto mdogo hupelekwa nasari iliyo karibu. Nasari iliyo karibu, mara nyingi, ni ya kanisa.

Nanyuki ni mji uliokaa juu ya ikweta, lakini msidanganyike na neno hilo. Ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mlima wenye urefu wa mita 5,199 umesimama mbele yake. Saa moja ya asubuhi mtoto wa huko hutembea amevaa kofia ya sufu na pumzi yake yatoka kama moshi. Nasari niliyoitembelea sitaitaja, kwani mwalimu wake hakupenda jina litoke gazetini. Ni chumba kimoja cha mbao ubavuni mwa kanisa, chenye mabati, mikeka, viti vifupi, na sanduku lililojaa vifuniko vya chupa vya kuhesabia.

Ukutani, karibu na mlango, amebandika karatasi kubwa iliyogawanywa sehemu tatu. Ni mambo anayoyatarajia kwa watoto wake, kila umri na yake. Wa miaka mitatu: ajue jina lake, anawe mikono, angoje zamu yake, aweze kukaa akasikiliza kisa kifupi mpaka mwisho. Wa miaka minne: ajue kwamba Mungu ndiye aliyeumba mbingu na ardhi na wanyama na yeye mwenyewe, ashukuru kabla ya kula, agawane kitu na mwenziwe. Wa mitano: ajue kwamba Biblia ni kitabu kitukufu nacho hakitupwi chini; asimulie kuzaliwa kwa Yesu kwa maneno yake mwenyewe; aombe radhi akikosa. Basi. Hakuna kuhifadhi mlango mzima wa kitabu. Hakuna kuulizwa habari za Utatu, wala za msalaba, wala za Jahannamu.

Nilimwuliza mbona moto haumo, ilhali mahubiri ya redio niliyoyasikia njiani yalikuwa moto mtupu. Alicheka. "Mzee," akasema, "mtoto wa miaka mitatu nikimwuliza Mungu ni nani, ataniambia ni baba yake, kwa sababu huyo ndiye mkubwa anayemjua. Sasa nimwogopeshe na moto wa baba yake?"

Jawabu hilo nililiandika palepale, na hadi sasa sijaona mahali pa kulikosoa.

Karatasi ile hakuitunga peke yake. Nusu yake ni ya kanisa lake, na nusu inafuata mtaala wa serikali uliotengenezwa mwaka wa 2017 na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Mtaala huo una miaka miwili kabla ya darasa la kwanza: wa mwanzo kwa mtoto wa miaka minne, wa pili kwa mtoto wa mitano. Na ndani yake, yafaa wasomaji wajue, mna elimu ya dini tatu: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Kwa mtoto wa Kikristo yametajwa maumbile, Biblia, utoto wa Yesu, tabia njema na kanisa. Kwa mtoto wa Kiislamu zipo sura fupi za Kurani, imani, ibada nyepesi na adabu. Katika maandishi, basi, hakuna aliyesahauliwa. Lakini maandishi hayasomeshi. Husomesha mwalimu, na katika chumba kile cha mbao mwalimu ni mmoja, naye ni Mkristo.

Kanisa lilifikaje kuwa mlezi wa watoto wa mlimani? Wamisionari wa Consolata kutoka Turin, Italia, waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka wa 1902, wakaanzia Tuthu katika Murang'a, kisha wakaijenga Nyeri kuwa makao yao makubwa. Mmoja wa masista wao, Irene Stefani, ambaye wenyeji walimwita Nyaatha kwa huruma yake, alifanya kazi Gikondi hadi alipofariki mwaka wa 1930 kwa maradhi aliyoyapata akimwuguza mgonjwa. Mwaka wa 2015 kanisa lake lilimtangaza mwenye heri, na sherehe ilifanywa Nyeri. Waskoti nao walikuwa Tumutumu, karibu na Karatina. Skuli na hospitali vilikuwa mkononi mwao, na aliyetaka mwanawe ajue kusoma alipita mlango huo.

Sisi wa pwani hupenda kudhani kwamba ni sisi tu tulioogopa skuli za misheni. Sivyo. Mwaka wa 1929 misheni za Kiprotestanti ziliwataka Wakikuyu watie sahihi au alama ya kidole, wakaiita kirore, kukana tohara ya wasichana. Sitetei desturi yenyewe. Lakini tazameni walilofanya wazazi: maelfu waliwatoa watoto wao katika skuli za misheni, wakajenga skuli zao wenyewe kwa jasho lao, kwa kuwa hawakukubali mlango wa elimu uwe ndio mlango wa kuambiwa waache kuwa wao. Skuli hizo zilifungwa na serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari mwaka wa 1952. Kwa hiyo Mkikuyu wa Nyeri na Mswahili wa Mombasa, katika khofu hii, ni ndugu.

Ama nasari zenyewe zilitokana na balaa. Kuanzia mwaka wa 1954 Waingereza waliwahamisha Wakikuyu zaidi ya milioni moja, wakawatia katika vijiji vyenye ulinzi. Akina mama walitolewa asubuhi kwenda kufanya kazi za lazima, na watoto wachanga wakabaki hawana mwangalizi. Hapo ndipo vilipoanzishwa vituo vya kuwaweka, kwa msaada wa makanisa na watu wa misaada. Havikuwa vya kusomesha. Vilikuwa vya kumzuia mtoto asife njaa au asipotee mpaka mamake arudi. Baada ya uhuru wa 1963 wanakijiji wakavigeuza nasari za harambee. Mwaka wa 1971 ulianza mpango wa Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, wa kuwafunza walimu wa nasari. Mwaka wa 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo. Na katiba ya mwaka wa 2010 ikalitia jambo hili mikononi mwa kaunti, ingawa kanisa halikuondoka chumbani.

Sasa turudi kwenye karatasi. Kipimo hiki cha kumpa kila umri haki yake, Wakristo wenyewe hawakuwa nacho sikuzote. Kilipiganiwa. Yuko askofu mmoja wa Moravia, Jan Amos Comenius, aliyezaliwa 1592 akafa uhamishoni Amsterdam mwaka wa 1670. Alifukuzwa kwao kwa sababu ya dini, akatangatanga Ulaya maisha yake yote, na katika kutangatanga huko akaandika kwamba skuli ya kwanza ya mtoto ni mapaja ya mamake hadi afike miaka sita. Mwaka wa 1658 alichapisha kitabu cha watoto chenye picha kwa kila somo. Baada yake alikuja Friedrich Froebel, mtoto wa mchungaji wa Kijerumani, ndiye aliyeipa nasari jina la bustani ya watoto mwaka wa 1840. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka wa 1851 kwa kuona zinaharibu dini. Kosa lake? Watoto walikuwa wakicheza.

Nataka hasa kuwaonyesha jambo la mwaka wa 1910. Kabla ya hapo, katika kanisa Katoliki mtoto aliweza kungojeshwa hadi miaka kumi, kumi na miwili, au zaidi, ndipo akaribishwe mezani kwa komunyo. Tarehe 8 Agosti mwaka huo Papa Pius wa Kumi alitoa amri kwamba umri wa kupambanua ni karibu miaka saba. Na sharti lake lilikuwa dogo: mtoto ajue siri kubwa za imani kwa kadiri ya akili yake, na aweze kutofautisha mkate wa altare na mkate wa dukani. Saba! Niliposoma hayo niliweka kitabu chini nikatabasamu peke yangu, kwani namba hiyo tumelala nayo na kuamka nayo sisi.

(Na kwa kuwa tuko njia ya Nyeri, nisipite bila kutaja kwamba hapo ndipo alipozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Hata yeye alilazimika kuanzisha kundi la wadogo mwaka wa 1916, kwa kuwa watoto wa miaka minane walitaka kuingia skauti wakashindwa na kazi za wakubwa. Askari mzima, jemadari, alishindwa na watoto wa miaka minane.)

Twende kwetu. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyo katika mkusanyo wa Abu Daud kila mzazi aijua: watoto waamrishwe sala watimiapo saba, watiwe adabu kwa kuiacha wafikapo kumi, na watengwe malazi. Wazee wetu wameling'ang'ania sana neno la kumi, kwa sababu ndilo lenye fimbo. Mimi nataka tulitazame neno la saba. Kabla ya saba hakuna amri. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu ya kuambiwa, kukumbushwa na kubembelezwa. Sala moja huja mara tano kwa siku. Hebu pigeni hesabu wenyewe, mtoto huyo hukumbushwa mara elfu ngapi kabla hajaguswa? Na aliyetuletea hukumu hiyo ndiye aliyerefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, na ndiye aliyefupisha sala aliposikia mtoto analia nyuma yake. Kurani yenyewe haikushuka siku moja. Ilishuka kwa miaka 23, kidogo kidogo, kwa watu wazima.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, ameandika katika Ihyaa kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike, na kwamba kumzuia kucheza na kumlemea kwa masomo kunaufisha moyo wake na kuizima akili yake, mpaka atafute hila za kuikimbia elimu. Ibn Khaldun, aliyefariki Cairo mwaka wa 1406, ameonya kwamba ukali humfunza mtoto uwongo na hadaa, na kwamba elimu humiminwa kwa daraja. Hao walitangulia karne nyingi kabla ya Froebel. Na tukija kwa washairi wetu, Mwana Kupona alipotunga utendi wake maarufu mwaka wa 1858, alimwusia binti yake aliyekwisha kuwa mwanamwali. Mambo ya mume na nyumba hakumwandikia mtoto wa miaka minne. Kila neno na wakati wake.

Basi kama kanisa lina saba yake na chuo kina saba yake, matata yako wapi? Yako kwetu wazazi, wa dini zote mbili.

Mwalimu wa Nanyuki alinionyesha daftari. Alisema kila mwisho wa muhula huja wazazi wakalifungua, wakauliza: mbona mwanangu hajaandika? Jirani ana mtoto katika akademia ya kulipia, wa umri uleule, naye ameshaandika kurasa tatu na kupewa kazi ya nyumbani. Mzazi hataki kusikia habari ya kungoja zamu. Kungoja zamu hakuonekani kwenye karatasi. Zipo skuli zinazompa mtoto wa miaka mitano mtihani wa kuingia darasa la kwanza, ingawa sheria ya elimu ya mwaka wa 2013 imezikataza skuli za serikali kumpima mtoto ili kumkubali. Mama mmoja, kwa maelezo ya mwalimu, alimhamisha mwanawe kwa sababu hiyo tu: kwamba siku nzima wanaimba na kuchanganya maji na mchanga.

Na sisi? Mtoto wa pwani asubuhi yuko nasari, adhuhuri anakula, alasiri yuko chuoni, na Jumamosi kuna masomo ya ziada. Nimepita barazani pa chuo kimoja saa kumi za jioni nikaona mtoto amelala, kichwa chake kimeangukia juzuu. Mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kumtengea kila mmoja kipimo chake. Hutoa kipimo kimoja kwa wote, na anayechelewa hukutana na henzirani. Wapo watakaonijibu kwamba utoto ndio wakati wa kuhifadhi, na kwamba kilichochongwa utotoni hakifutiki. Ni kweli, nami nimesoma kwa njia hiyo. Lakini wakumbuke jinsi tulivyoanza. Kabla hatujajua alifu kwa kijiti, tuliifuata Alhamdu kwa sauti, tukiyumbayumba kama watu walio chomboni, na hakuna aliyetuuliza maana yake. Kusikia kulitangulia, kusoma kukafuata, na kuulizwa kukaja mwisho.

Hapo ndipo palipo kiini cha maneno yangu. Karatasi ya mwalimu wa Nanyuki inaeleza mambo ambayo mtoto ataulizwa. Haielezi yale atakayomiminiwa.

Katika Majengo ya Nanyuki nilikaa na mwenye bucha mmoja, mzaliwa wa hapo, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani. Binti yake ana miaka minne na anasoma katika nasari hiyohiyo. "Maalim," aliniambia, "siku moja nilisikia wimbo uani nikadhani ni redio ya jirani. Kumbe ni binti yangu, anaosha vikombe vyake vya kuchezea, anaimba kwamba Yesu ni mwana wa Mungu. Na usiku uleule, kabla ya kulala, akanisomea Kulhuwallahu bila kukosa herufi."

Wasomaji wanajua sura ya Ikhlasi inakataa nini. Mtoto yule aliyabeba yote mawili, wimbo na sura, mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, na havikumgongana. Kwa miaka minne havigongani. Vitagongana baadaye, na siku hiyo kitakachoshinda huenda kikawa kile chenye sauti tamu zaidi.

Nilirudi kwa mwalimu nikamweleza, bila kumtaja mzazi. Hakukasirika, wala hakujitetea. Alisema watoto wa Kiislamu alikuwa akiwapa kalamu za rangi wachore pembeni wakati wa nyimbo. "Lakini mzee," akasema, "mtoto anachora kwa mkono. Masikio hayachori."

Mimi ni mtu wa mashairi, najua nguvu ya jambo hili kuliko mwanasheria. Somo la nusu saa husahaulika. Wimbo husafiri na mtu mpaka uzeeni. Makanisa yanalijua hilo vizuri kabisa. Fundisho zito limewekwa mbele, umri wa saba na baada yake, na hilo nimewasifu. Lakini wimbo wenye fundisho hilohilo humfikia mtoto wa miaka minne, na hauna safu katika karatasi. Sisemi ni hila. Nasi hufanya vivyo hivyo tukimwimbia mtoto kasida kitandani. Nasema tu kwamba mzazi wa Kiislamu asiridhike kwa kuisoma karatasi, aende akasimame uani asikilize.

Kumtoa mtoto? Yule mwenye bucha aliniuliza swali hilo wazi, nami nilimjibu wazi: la. Katika nasari ile binti yake amejifunza kuwa Mungu ameumba kila kitu, kunawa, kugawana, kuomba radhi, na kukaa na watoto wasio wa dini yake bila ugomvi. Akimtoa, atamweka wapi? Bucha? Babu zetu walitutoa katika skuli kwa khofu kama hiyo, na pwani ingali ikilipa deni lake kwenye ofisi na hospitali. Kinachotakiwa ni naye apate wake, wenye utamu. Alinitania kwamba basi nimtungie wimbo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nilimtungia, kwa maneno ambayo mtoto wa huko anayaona kwa macho:

Nani kaumba mlima,
Na mawingu yanohama,
Na ng'ombe wanaohema,
Na maziwa ya kikombe?

Ni Mola wetu Karima,
Hana baba, hana mama,
Atupaye kila jema,
Tumshukuru, tuombe.

Sikutia ubishi ndani yake wala kumjibu mtu. Mtoto wa miaka minne hana mtu wa kubishana naye.

Lakini beti mbili hazisimamishi nasari, na kwa hili pwani tunalo la kuwapa wenzetu wa mlimani. Mwaka wa 1986, Mombasa, baada ya viongozi wa Kiislamu kumlalamikia Aga Khan kwamba watoto wao wanaachwa nyuma, ulianzishwa mpango wa nasari ndani ya madrasa kwa fedha za wakfu wake. Aliyeutia mikononi ni Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, na alianza na madrasa moja ya Liwatoni. Walitumia vifuu, makombe, vifuniko vya chupa na mbao. Mtoto akahesabu, akachora, akacheza, akatia udhu wa mchezo, akajifunza sura fupi kwa kuimba. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyohiyo waliofunzwa kazi. Mwaka wa 1990 mpango ukafika Zanzibar, na mwaka wa 1993 Uganda. Wapo mashekhe walioudhania ni upuuzi, kuingiza vichezeo penye Kurani, mpaka walipoona watoto wao wakipokelewa darasa la kwanza wakiwa wamechangamka, na sura wanazijua.

Wazee wa msikiti wa Nanyuki niliwaeleza habari hiyo baada ya sala ya isha. Hawakuuliza juu ya falsafa. Waliuliza mikeka ni bei gani, watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, na je, kaunti inaweza kumlipa mwalimu wa dini yetu kama inavyowalipa wengine. Swali la mwisho ndilo kubwa, nami naliweka hapa gazetini ili wenye mamlaka walisome: mtaala wa serikali umempa mtoto wa Kiislamu somo lake, lakini somo bila mwalimu halimfai. Wapo wasichana wetu wengi Mombasa, Malindi na Lamu wenye vyeti vya nasari na wasio na kazi. Mmoja, mpwa wa rafiki yangu wa Kibokoni, nilimpigia simu nikiwa bado hukohuko na kumweleza kwamba anatakiwa Nanyuki. Alisema atafikiri, na kwamba kwanza nimwambie ukweli kuhusu hiyo baridi.